Sura ya Nne: Jeraha na Jalada

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba. Ilibeba watu 43. Kumi na tisa walifariki, 24 wakaokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi waliopiga makasia kuifuata. Hadi jioni ya siku ile karibu kila kitu ambacho dai la fidia huhitaji kilikuwa kimeshaandikwa mahali fulani: orodha ya abiria, saa ya ajali, majina ya waliofikishwa hospitali, kampuni yenye ofisi inayojulikana. Hakuna majeruhi aliyelazimika kuthibitisha kwamba kweli alikuwemo ndani ya ndege ile.

Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilikuwa limeitikisa Kagera. Kuta za matofali ziliangukia watu, mamia wakajeruhiwa. Wale walikuwa na majeraha kamili, lakini hawakuwa na wa kumdai. Ardhi haina bima wala dereva.

Kati ya misiba hiyo miwili ipo ajali ya tatu, ndogo mno kuingia katika taarifa ya habari, na ndiyo inayojaza wodi za majeruhi katika mkoa huu. Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kishanda, wilayani Muleba, anarudi kutoka gulioni juu ya bodaboda. Kwenye mteremko, gari dogo linalokuja mbele linakata kona, pikipiki inaingia mtaroni, na mguu wa mama unabaki chini ya chuma. Hakuna orodha ya abiria. Walioshuhudia ni watoto wawili na mzee aliyekuwa akipogoa migomba. Dereva wa gari anashuka, anaomba radhi kwa dhati, anampakia mgonjwa na kumpeleka kupata matibabu. Njiani anasema maneno ambayo kila mtu wa Buhaya ameyasikia: waitu, haya tutayamaliza sisi wenyewe.

Mama huyu, ambaye tumembuni ili tumfuate sura nzima, ana mdaiwa na ana haki. Kama ataipata itategemea zaidi yatakayotokea kwenye mguu wake katika wiki na miezi inayofuata kuliko ufasaha wa wakili atakayempata baadaye. Watu wengi huyaona matibabu na madai kuwa njia mbili, kwamba upone kwanza halafu uanze kufuatilia, au ufuatilie kwanza ili upate hela za kupona. Kwa kweli ni njia moja. Kila kipimo kinachofanyika ni ukurasa wa jalada, na kila kliniki unayoikosa ni ukurasa uliochanwa.

Neno la kwanza hospitalini

Mapokezini huulizwa swali jepesi: umeumiaje? Na jibu jepesi linalotolewa kila siku ni, "Nilianguka."

Sababu zake zinaeleweka. Dereva amesimama pale pale, ndiye aliyelipia kufungua faili, na anaogopa polisi. Mgonjwa naye ana maumivu na hataki kuambiwa akalete karatasi ya polisi kwanza. Ndugu wananong'onezana, wanakubaliana, na mhudumu anaandika: ameteleza shambani, ameanguka kwenye mparachichi. Nusu saa baadaye jambo limesahaulika.

Faili halisahau. Miezi minane baadaye, dereva ameacha kupokea simu na mama anakwenda kudai. Karatasi ya kwanza ambayo mtathmini wa bima au wakili wa upande wa pili ataiomba ni ile ya siku ya kwanza, kwa sababu iliandikwa kabla mtu yeyote hajawaza fedha. Ikisema mparachichi, mzee wa kupogoa migomba atakuwa na kazi ngumu kuipinga.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya dai ni kusema ukweli kwa anayeandika. Taja chombo kilichokugonga, mahali, saa, na namba ya usajili kama mtu aliiona. Taja pia kila sehemu inayouma, hata ile ambayo leo inauma kidogo. Aliyevunjika mguu husahau kusema kwamba bega nalo liligonga jiwe, na bega lile likija kukataa kunyanyuka mwezi wa tatu, hakuna mstari wowote unaoliunganisha na ajali. Kama ulipoteza fahamu, hata kwa dakika moja, sema, au aliyekuwapo akusemee. Dakika hiyo hubadilisha namna daktari anavyokuangalia kichwa usiku ule, na ndiyo inayoeleza maumivu ya kichwa na usahaulifu utakaokuja kulalamikia baadaye.

PF3

Fomu ya polisi namba tatu ni karatasi ya kawaida sana kwa kitu chenye uzito wa namna yake. Sehemu ya juu hujazwa na askari: jina la majeruhi, tukio, kituo, tarehe. Sehemu ya chini ni ya daktari: aina ya jeraha, ukubwa wake, kinachodhaniwa kuwa kimelisababisha, sahihi, cheo na muhuri. Kisha karatasi hurudi polisi. Haiuzwi.

Kuhusu karatasi hii kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kwamba watu huambiwa, au hujiambia, kuwa bila PF3 hakuna matibabu. Serikali imerudia mara nyingi kwamba mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza na fomu ifuate. Mtu anayetoka damu hapaswi kupitishwa kituoni. Ndugu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende polisi. Mkiwa wawili tu, mgonjwa kwanza. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na taarifa inaweza kutolewa na mtu yeyote aliyeona.

La pili ni kudhani kwamba kuchukua PF3 ni kumfunga mtu. Fomu hiyo haimhukumu yeyote. Inahifadhi hali ya mwili kama ilivyoonekana siku ile, kabla nyuzi hazijatolewa na uvimbe haujashuka. Mnaweza kuwa na PF3 na bado mkapatana na dereva kwa amani. Msipokuwa nayo, mapatano yakivunjika hamna pa kushika. Kabla haijarudishwa, ipigeni picha kwa simu pande zote mbili.

Kesi ya usalama barabarani ikifika Mahakama ya Wilaya na dereva akakiri, hutozwa faini, na hapo familia nyingi hudhani mambo yamekwisha. Faini inakwenda serikalini. Mahakama inayomtia mtu hatiani ina uwezo wa kuamuru amlipe fidia aliyeumia, lakini amri hiyo haiji yenyewe. Mwendesha mashtaka aambiwe mapema kwamba yuko mtu kitandani mwenye gharama, na nakala za karatasi zake zifike mezani. Hata bila amri hiyo, omba nakala ya hukumu. Sheria ya Ushahidi huitambua hukumu ya jinai iliyokwisha muda wa rufaa kuwa uthibitisho wa hatia, na katika shauri la madai karatasi hiyo hukuondolea nusu ya mzigo.

Mfupa hauharakishwi

Turudi kwa mama. Mfupa wa ugoko umevunjika na ngozi imechanika juu yake. Hilo ni jeraha la kukimbizana na saa: lioshwe vizuri, mgonjwa apewe dawa za kuua vijidudu mapema na sindano ya pepopunda, na mfupa utulizwe. Kabla ya kufika, kitambaa safi juu ya kidonda na vipande viwili vya mti vilivyofungwa kwa kanga vinatosha. Majivu, majani yaliyotafunwa na mafuta ya taa viachwe. Usaha unaoingia kwenye mfupa unaweza kukaa miaka.

Muleba imejaliwa hospitali kuliko wilaya nyingi za vijijini. Wakatoliki wana Rubya na Kagondo, Walutheri wana Ndolage kule Kamachumu, na serikali ina vituo vya afya kama Kaigara mjini Muleba. Zinapofikia ukomo wake kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na juu yake Bugando iliyoko Mwanza, unayoifikia kwa basi la siku nzima kuzunguka ziwa au kwa meli inayoondoka Bukoba jioni na kupitia Kemondo. Kwa majeraha mazito zaidi ya mifupa na mishipa ya fahamu kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Rufaa ina gharama, na hapo ndipo wengi hukata kamba. Mgonjwa anaandikiwa aende Bukoba akawekewe vyuma, familia inahesabu nauli, inahesabu chakula cha anayemuuguza, inaamua kurudi nyumbani na kumwita fundi wa mifupa. Sitaki kumdharau fundi huyo. Wapo wanaojua kuunyoosha mkono wa mtoto kwa upole kuliko wengi wetu. Lakini mfupa uliotokeza nje, kiungo kilichohama, na mguu unaozidi kuvimba si kazi yake. Bandeji ya vijiti ikikazwa kupita kiasi huzuia damu, vidole vikapoa na kufa ganzi, na safari ya hospitali ikaja kuwa ya kukatwa. Onyo hilo hilo linamhusu aliyefungwa hogo hospitalini: maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikibadilika rangi au vikikosa hisia, rudi usiku huo huo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kwa upande wa dai, karatasi ya rufaa ambayo haikutumika ni silaha mkononi mwa mdaiwa. Sheria ya madhara inamtaka aliyeumia achukue hatua za kawaida za kupunguza hasara yake. Mguu ukipona umepinda, upande wa pili utauliza: je, ulipinda kwa sababu ya ajali au kwa sababu mgonjwa alikataa kwenda Bukoba? Kama tatizo lilikuwa nauli, liandikwe. Mwombe daktari aandike kwenye faili kwamba mgonjwa ameshindwa kwenda kwa kukosa fedha, kisha mpe dereva au kampuni yake ya bima barua fupi yenye nakala ya rufaa, mkiomba gharama. Wakikaa kimya, ukimya wao nao ni ushahidi.

Kisha kuna muda. Ugoko uliovunjika vibaya huchukua miezi minne, mitano, mara nyingine zaidi, na hogo likifunguliwa mguu bado si mguu. Umekonda, goti limekaza, kifundo hakikunjiki. Mazoezi ya viungo ndiyo sehemu ya matibabu inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa mgonjwa anaona ameshapona na kliniki iko mbali. Asiyeyafanya hutembea na gongo mwaka mzima kwa kilema ambacho kingeepukika. Omba ufundishwe mazoezi ya kufanyia nyumbani, na tarehe za kurudi ziandikwe kwenye kadi.

Na gharama hizi zote hutoka wapi? Anayeijua Kagera anajua jibu. Familia inauza kahawa ikiwa bado mtini. Mnunuzi wa butura anatoa fedha leo kwa bei yake, na msimu ukifika anakuja kuvuna. Serikali na vyama vya ushirika wamepiga vita butura kwa miaka mingi, lakini mgonjwa aliyelazwa hangoji mnada. Wengine huuza mkungu mmoja mmoja, wengine huweka kibanja rehani. Deni hilo halina risiti ya hospitali, na ndiyo maana fidia inayokuja baada ya miaka miwili mara nyingi hukuta kilichouzwa ni kikubwa kuliko kilicholipwa. Kinga nafuu ipo kabla ya ajali, nayo ni bima ya afya: CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa ikitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zake zilifika hadi hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 imekusudia kila mkazi awe na kadi. Mwenye kadi aitumie hata kama dereva ameahidi kulipa kila kitu. Ahadi ya dereva haina namba ya uanachama.

Nani wa kudaiwa

Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani Tanzania lazima kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni mpita njia, mwendesha baiskeli, abiria wa chombo kingine. Mama yetu wa Kishanda ni mtu wa tatu kwa lile gari dogo. Abiria wa chombo kinachobeba watu kwa malipo analindwa pia, na hapo kuna mtego: bodaboda nyingi zilikatiwa bima ya pikipiki binafsi huku zikifanya biashara kila siku. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingiza namba ya usajili katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, akaona kampuni iliyotoa bima na tarehe inapokwisha. Fanya hivyo siku ya kwanza, upige picha ya skrini.

Taarifa kwa kampuni ya bima itolewe kwa maandishi mapema. Mambo yakifika mahakamani, wanaoshtakiwa kwa kawaida ni dereva na mwenye chombo, na kampuni ya bima hulazimika kuilipa hukumu iwapo ilijulishwa kesi kama sheria inavyotaka. Mgogoro na kampuni yenyewe unaweza kupelekwa TIRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Barabara ya Mutukula, Bukoba, Muleba hadi Lusahunga hupitisha pia malori ya nje. Likikugonga lori lenye namba za Uganda au Rwanda, usikate tamaa. Vyombo hivyo husafiri na Kadi ya Njano ya COMESA, inayobeba dhima ya mtu wa tatu katika nchi vinakopita. Namba ya kadi hiyo ni muhimu kama namba ya usajili, na lazima ichukuliwe kabla lori halijavuka mpaka.

Aliyeumia kazini ana mlango mwingine kabisa. Mchuma chai wa Maruku, mpakiaji wa magunia katika kiwanda cha kahawa, mwalimu aliyegongwa akiwa katika safari ya kikazi, wote wako chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko wake, WCF, ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao mwaka uliofuata. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Akikukata mshahara kwa ajili ya mfuko huo, anakuibia. Hapa huhitaji kuthibitisha kosa la mtu, ila kwamba uliumia katika kazi. Mfuko hulipia matibabu, hulipa asilimia 70 ya kipato wakati huwezi kufanya kazi, kwa muda usiozidi miezi 24, na kama ulemavu umebaki hulipa kwa mkupuo, au pensheni ya kila mwezi ukizidi asilimia 30. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku saba tangu ajue, na dai lisizidi miezi 12 tangu ajali. Mwajiri anayekubembeleza utibiwe kimya kimya "tutaona baadaye" anakumalizia miezi hiyo.

Bahasha ya risiti

Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema zamani, na imekuwa ikirudia, kwamba hasara mahususi lazima itajwe kwa hesabu na ithibitishwe moja moja. Maana yake ni kwamba shilingi usiyoweza kuionyesha ni kama hukuitumia. Maumivu na mateso hakimu anaweza kuyakadiria kwa busara yake. Nauli ya Bukoba hawezi.

Weka bahasha moja ngumu, isiyoloa, na mtu mmoja wa kuitunza. Ndani yake ziwe risiti za hospitali na namba za malipo, cheti cha dawa kilichobandikwa pamoja na risiti ya duka la dawa, tiketi za basi, kadi ya kliniki, picha za X-ray na maelezo yake, na karatasi ya kuruhusiwa. Bodaboda haitoi risiti, basi iwe na daftari: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, na sahihi ya aliyekubeba. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe. Kibarua uliyemweka apalilie shamba kwa kuwa huwezi kuinama naye asaini. Piga picha kidonda kila wiki mahali pale pale, kwenye mwanga wa mchana.

Faili la hospitali hubaki hospitali, lakini yaliyomo yanakuhusu wewe. Una haki ya kuomba muhtasari wa matibabu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitambua haki ya mtu kufikia taarifa zake. Omba kwa adabu, kwa maandishi, ukitaja namba ya faili. Andika namba hiyo mahali pawili. Wagonjwa wengi wameshindwa kupata karatasi zao kwa sababu jina liliandikwa kwa tahajia tatu katika idara tatu.

Jihadhari na vishoka, wale wanaokuja kando ya kitanda wakijua jina lako kabla hujawaambia, na kutaka usaini wakufuatilie bima kwa mgao. Wakili halisi hutambulika katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asiye na uwezo anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imewatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko hadi vijijini.

Karatasi ya daftari

Wiki ya tatu, dereva anakuja kumsalimia mama. Amebeba sukari, sabuni na shilingi laki mbili. Amekuja na mjomba wake na mwenyekiti wa kitongoji. Inachanwa karatasi moja kutoka daftari la mtoto wa shule, na mtu mwenye mwandiko mzuri anaandika: mimi fulani nimepokea, sina madai mengine yoyote, na sitadai tena popote. Sahihi, dole gumba, mashahidi wawili, muhuri.

Hakuna mtu mbaya katika chumba hicho. Dereva anahangaika, mwenyekiti anataka amani, mama ana deni la dawa. Ubaya uko katika mstari mmoja, ule wa "madai mengine yoyote", kwa sababu wiki ya tatu hakuna anayejua mengine hayo ni yapi. Vyuma vitahitaji kutolewa? Mfupa utaunga au utakataa? Mama anayelima, kupalilia na kubeba mkungu kichwani ataweza tena? Kiwango cha ulemavu wa kudumu hupimwa hali ikishatulia, mgonjwa akiwa amefika mwisho wa kupona, na kwa mguu kama huu ni suala la miezi mingi. Karatasi za kampuni za bima za kukiri malipo ya mwisho zina mstari ule ule kwa maneno ya kisomi.

Kupokea msaada si kosa. Mama apokee zile laki mbili, na karatasi iandikwe hivi: nimepokea shilingi 200,000 kwa ajili ya matibabu ya awali ya jeraha nililolipata tarehe fulani katika ajali ya gari lenye namba fulani, na malipo mengine yatazungumzwa daktari akishakamilisha tathmini. Sentensi hiyo inalinda amani na inalinda haki, na kwa kuongezea dereva mwenyewe ameithibitisha ajali kwa sahihi yake.

Haraka haina ulazima, ingawa kalenda ipo. Shauri la madhara hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu tukio, kwa Sheria ya Ukomo. Hiyo ni nafasi ya kutosha kupona, kupimwa, kujadiliana na kushtaki, kwa mtu anayeianza siku ya kwanza. Kwa anayeingoja hadi dereva ahamie Mwanza na auze gari, miaka mitatu ni michache.

Zipo nchi zilizokataa kumwacha majeruhi abebe mzigo wote huu. New Zealand tangu mwaka 1974 ina mfuko wa taifa unaogharimia matibabu na sehemu ya kipato cha aliyeumia bila kuuliza kosa ni la nani. Rwanda, jirani yetu ng'ambo ya mto Kagera, ina mfuko maalumu wa kuwafidia waliogongwa na chombo kisichojulikana au kisicho na bima. WCF imeonyesha kwamba Tanzania nayo inaweza kuendesha mfumo wa namna hiyo kwa wafanyakazi. Mkulima na abiria wa bodaboda bado wako nje ya mlango.

Wakati Bunge linasubiriwa, kuna hatua isiyohitaji bajeti. Mapatano mengi ya ajali vijijini hupitia mkononi mwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, na muhuri wake ndio unaoipa nguvu ile karatasi ya daftari. Mikutano ya vijiji vya Kishanda inaweza kukubaliana jambo moja: karatasi yoyote inayofuta madai ya mtu aliyeumia isigongwe muhuri bila barua ya daktari inayosema matibabu yamekamilika na ulemavu uliobaki, kama upo, umepimwa. Za malipo ya awali zigongwe siku hiyo hiyo. Dereva mwema hatapoteza kitu, na yule anayeharakisha kwa sababu ameshauliza na anajua gharama halisi ya mguu atalazimika kungoja kama mwenye mguu anavyongoja.